Miungu Haikubeba Lawama

Hekima ya Wagiriki wa kale juu ya binadamu hufupishwa mara nyingi kwa kauli moja: waliamini kwamba mtu ni kibaraka wa majaaliwa. Atakalolitenda limekwisha kukatwa kabla hajazaliwa, jitihada zake ni bure, na fadhila zake hazimwokoi. Msomaji wa Kiswahili aliyekutana na mtunzi wa tamthilia Sophocles kupitia Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1971, huenda alikifungua kitabu hicho akiwa tayari ameambiwa kwamba ni hadithi ya mtu aliyekimbia alichoandikiwa akakikuta mbele. Kauli hiyo inapendwa kwa kuwa ni nyepesi kushika. Lakini si kweli, na madhara yake si madogo. Inawageuza watu waliofikiri kwa bidii kubwa juu ya wajibu wa mtu kwa matendo yake waonekane kuwa watu waliokunja mikono na kungoja ajali iwafikie.

Wanachokionyesha Wagiriki katika maandishi yao, tangu Homer hadi wanafalsafa walioishi chini ya utawala wa Roma, ni kazi ya karne nyingi ya kutenganisha mambo mawili ambayo kauli hiyo inayachanganya: linalompata mtu, na analolitenda mtu. La kwanza waliliachia bahati na miungu, tena bila kujifariji. La pili walimdai mwenyewe. Ni kweli kwamba mpaka kati ya hayo mawili uliwasumbua, wakaubishania, wakausogeza huku na huku. Lakini mtu asiyeamini kuwa mpaka upo hausogezi.

Kauli ya ukibaraka ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Ulaya ya karne mbili zilizopita. Sigmund Freud, katika kitabu chake juu ya fasiri ya ndoto kilichotoka mwaka 1899, aliipokea sifa ya Edipode kuwa "tamthilia ya majaaliwa" kama jambo lililokwisha kukubalika, kisha akayahamisha majaaliwa hayo kutoka mbinguni na kuyaweka ndani ya nafsi ya kila mtoto. Mwaka 1946 Bruno Snell, mtaalamu wa Kigiriki wa Ujerumani, alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba mashujaa wa Homer hawakuwa hata na dhana ya mtu kujiamulia jambo, bali walisukumwa na miungu na viungo vya miili yao. Wapinzani hawakukosekana. E. R. Dodds wa Oxford aliandika insha mwaka 1966 akiyashambulia majibu ya wanafunzi katika mtihani, na Bernard Williams alitoa kitabu mwaka 1993 kilichoibomoa hoja ya Snell hatua kwa hatua. Hata hivyo kauli ya kale imebaki hai, kwa sababu makosa yanayofupisha husafiri haraka kuliko masahihisho yanayorefusha.

Ushahidi wa mapema uko mwanzoni kabisa mwa Odyssey. Kabla safari ya Odysseus haijaanza kusimuliwa, Zeus anasimama katika baraza la miungu na kulalamika kwamba binadamu huwatupia wao lawama za kila ovu, ilhali kwa upotovu wao wenyewe hujiongezea mateso kupita fungu walilopewa. Mfano anaoutoa ni Aegisthus. Huyu alitumiwa Hermes, mjumbe wa miungu, amwonye asimuue Agamemnon wala asimtongoze mkewe, kwani kisasi kingekuja kwa mkono wa Orestes, mwana wa Agamemnon. Aliyasikia yote hayo, akaua, akaoa, naye akauawa. Fungu lipo, wala mtunzi halikani. Lakini juu ya fungu kuna ziada, na ziada hiyo ina mwenyewe.

Wanaoshikilia ukibaraka hupenda kujibu kwa Iliad, katika sehemu ambapo Agamemnon anajitetea mbele ya jeshi: si yeye aliyekosa siku ile alipompokonya Achilles mateka wake, bali Zeus, Moira (majaaliwa) na Erinys (mungu wa kisasi) ndio waliomtia upofu akilini. Utetezi huo ukikatwa hapo, kesi imekwisha. Tatizo ni kwamba Agamemnon hakomei hapo. Katika pumzi ileile anatangaza kuwa yuko tayari kulipa, na malipo yenyewe yanahesabiwa hadharani: vyungu 7 vya miguu mitatu, masufuria 20, farasi 12, talanta 10 za dhahabu, wanawake 7 na Briseis, mateka yule aliyepokonywa, akiwa wa nane. Mungu alimpofusha, na bado deni ni lake. Hakuna hata mmoja katika mkutano ule anayeona mgongano katika hilo. Hector naye, katika kitabu cha 22, anasimama nje ya ukuta wa Troy akimwona Achilles anakuja, na anabishana na moyo wake: aingie ndani, ajadiliane na adui, au apigane. Anakumbuka kwamba Polydamas alimshauri usiku uliopita awarudishe watu mjini, akakataa, na sasa anakiri kuwa ameliangamiza jeshi kwa ujeuri wake. Huyu ndiye mtu ambaye Snell alidai hana dhana ya kuamua.

Hata majaaliwa ya Achilles, yanayotajwa kila mara kama mfano wa kifo kilichopangwa, yalimjia yakiwa mawili. Mama yake alimwambia kwamba akibaki Troy atakufa kijana na jina lake litadumu. Akirudi nyumbani ataishi miaka mingi bila sifa. Miungu ilimpangia bei ya kila njia, na yeye akachagua njia.

Solon wa Athens aliitoa hoja hii katika ushairi wa mashujaa akaipeleka katika siasa. Alipopewa madaraka mwaka 594 KK, wakulima maskini walikuwa wanauzwa utumwani kwa madeni. Katika mashairi yake alisema kwamba mji hautaangamia kwa amri ya Zeus. Wanaouangamiza ni raia wenyewe kwa upumbavu na tamaa ya mali, na viongozi wasiojua kushiba. Kisha akafanya linalofuata kutoka katika maneno hayo: alifuta madeni na akapiga marufuku mtu kuweka mwili wake rehani. Miaka mingi baadaye, Peisistratus alipoinyakua dola, Solon aliwaambia Waathene wasiihusishe miungu na msiba wao, kwa kuwa wao ndio waliompa mtu huyo walinzi. Mwanasiasa anayeamini kuwa njaa na utumwa vimeandikwa hana sababu ya kutunga sheria.

Na sheria ndizo zinazoiumbua zaidi kauli ya ukibaraka, ingawa watu wa fasihi huzipita kama hawazioni. Sheria ya uuaji ya Draco, iliyotungwa yapata mwaka 621 KK, ilimtofautisha aliyeua kwa kukusudia na aliyeua bila kukusudia. Waathene waliiheshimu kiasi kwamba mwaka 409 KK waliichonga upya juu ya jiwe, na jiwe hilo lipo Athens mpaka leo. Walijenga juu yake mfumo wa mahakama tofauti. Uuaji wa kukusudia ulisikilizwa Areopago. Uuaji usiokusudiwa ulisikilizwa Palladion, na adhabu yake ilikuwa kuhama nchi hadi ndugu wa marehemu wakubali kusamehe. Aliyekiri kuua lakini akadai kuwa alikuwa na haki, kwa mfano aliyeshambuliwa njiani, au aliyemuua mwenzake vitani bila kumtambua, alipelekwa Delphinion. Mahakama ya nne, katika Prytaneion, ilihukumu hata jiwe au gogo lililomwangukia mtu na kumuua. Kitu hicho kilitupwa nje ya mipaka. Mahakama hii ya mwisho inaweza kuonekana ya ajabu, lakini ndiyo inayofafanua zilizotangulia. Mwathene alijua kwamba kifo chochote huacha najisi inayohitaji kuondolewa, na alijua pia kwamba najisi si hatia. Jiwe huondolewa. Mtu huulizwa alikusudia nini.

Plutarch anasimulia kwamba katika mashindano mchezaji mmoja alimuua Epitimus wa Pharsalus kwa mkuki bila kukusudia, na Pericles, kiongozi wa Athens, akakaa siku nzima na mwanafalsafa Protagoras wakijadili nani hasa abebe lawama: mkuki, aliyeurusha, au wasimamizi wa michezo. Mwana wa Pericles alikisimulia kisa hicho kwa kumcheka baba yake. Hakuna sababu ya kumcheka. Viongozi wa taifa la vibaraka hawapotezi siku nzima kwa swali la namna hiyo.

Mtazamaji aliyeketi katika ukumbi wa Dionysus kutazama Mfalme Edipode, yapata mwaka 429 KK, alikuwa ametoka katika mji wenye mahakama hizo. Ndiyo maana tamthilia hiyo isisomwe kama hadithi ya mtego tu. Ni kweli kwamba Apollo alitabiri: mtoto wa Laius, ambaye ndiye Edipode, atamuua baba yake na kumwoa mama yake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini utabiri si amri, na Sophocles alikuwa mwangalifu katika jambo hilo. Tamthilia yenyewe, yale yanayotendwa jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho, haina tendo hata moja ambalo Edipode anasukumwa kulitenda. Tauni imeingia Thebes. Yeye ndiye aliyemtuma Creon, shemeji yake, Delphi kwa Apollo kabla watu hawajaomba. Anaamua kwamba jibu lisomwe hadharani, ingawa Creon yuko tayari kulitoa faraghani. Anamlazimisha mwaguzi Tiresias aseme. Mkewe Jocasta, akiwa ameshaelewa, anamsihi aache. Mchungaji mzee anamsihi aache. Anaendelea, kwa kuwa yeye ni mfalme anayetaka mji wake upone na ni mtu asiyevumilia kuishi bila kujua ukweli. Kinachomwangusha siku ile ni sifa zake bora, na hakuna mungu aliyempa agizo la kuzitumia.

Kisha, ukweli ukiisha kufichuka, anajipofusha. Mtumishi anayetoka ndani kusimulia habari hiyo anatofautisha wazi maovu yaliyowapata watu wa nyumba ile bila hiari yao na haya mapya yaliyotendwa kwa hiari. Wazee wa Thebes wanamuuliza Edipode ni nguvu gani ya mbinguni iliyomsukuma. Anamtaja Apollo kuwa ndiye aliyeyaleta mateso yake yote, lakini mkono uliopiga, anasema, ulikuwa wake na si wa mwingine. Hapo, katikati ya tamthilia inayoitwa mfano mkuu wa ukibaraka, mhusika mwenyewe anachora mstari kati ya yaliyompata na aliyoyatenda. Ni vigumu kuelewa jinsi mstari huo ulivyopitwa na wasomaji wengi kiasi hicho.

Sophocles alirudi kwenye jambo hili uzeeni, katika tamthilia juu ya Edipode akiwa Colonus, iliyochezwa mwaka 401 KK baada ya mtunzi kufa. Humo mzee kipofu anajitetea kama mtu aliye mbele ya mahakimu wa Delphinion: alishambuliwa kwanza, hakumjua aliyempiga, hakumjua aliyemwoa, na mbele ya sheria ni safi. Utetezi huo unakubalika. Lakini dakika anapotaka kumshika mkono Theseus, mfalme wa Athens, kwa shukrani, anajizuia, asije akamgusa mtu mwema kwa mwili uliobeba mambo yale. Hana hatia, na bado yaliyotendwa yalitendwa na mikono yake. Dereva aliyemgonga mtoto aliyechomoka ghafla barabarani, bila kosa lolote la udereva, anaijua hali hiyo, na hakuna hakimu atakayemwondolea. Wagiriki waliiona kwa undani ambao nadharia nyingi za baadaye zimeupoteza, kwa sababu nadharia hizo hutaka kila uzito uwe ama hatia ama si chochote.

Afrika ilimsoma Sophocles vizuri kuliko wafasiri wengi wa Ulaya. Mwaka 1968 Ola Rotimi wa Nigeria alikihamishia kisa hiki nchi ya Wayoruba katika tamthilia ambayo jina lake linatamka moja kwa moja kwamba miungu haistahili lawama. Mfalme Odewale anamuua baba yake kwa hasira baada ya kusikia kabila lake likitukanwa, na mwishoni anaikubali hasira hiyo ya kikabila kuwa udhaifu wake mwenyewe. Wakati huo Nigeria ilikuwa vitani na Biafra. Rotimi hakulazimika kumgeuza Sophocles ili kupata hoja hiyo.

Tukirudi kwa Wagiriki wenyewe, bahati vitani ilipata mchunguzi wake mkali zaidi katika mwanahistoria Thucydides. Katika historia yake Pericles anawakumbusha Waathene kwamba mambo yakienda kinyume cha hesabu, watu huisingizia bahati. Thucydides mwenyewe aliifuatilia kauli hiyo hadi Sicily. Mwaka 413 KK jeshi la Athens lililoshindwa Syracuse lilikuwa tayari kuondoka kwa meli, na njia ilikuwa bado wazi. Usiku wa tarehe 27 Agosti mwezi ukapatwa. Waaguzi wakasema jeshi lingoje siku tisa mara tatu, na jemadari Nicias, ambaye mwandishi anasema alizielekea mno ramli za namna hiyo, akakataa hata kujadili kuondoka kabla siku hizo hazijatimia. Syracuse ikaifunga bandari. Jeshi likaangamia, na mateka wasiopungua 7,000 wakatupwa katika machimbo ya mawe. Kupatwa kwa mwezi kulikuwa nje ya uwezo wa Nicias. Kungoja kulikuwa uamuzi wake. Democritus wa Abdera, aliyeishi zama hizohizo, alisema kwa ukali zaidi kwamba watu wamejiundia sanamu ya bahati wapate kisingizio cha ujinga wao.

Wanafalsafa waliirithi kazi hii wala hawakuianzisha, jambo ambalo vitabu vingi vya utangulizi hulisahau. Plato, anapofunga kitabu chake kikubwa juu ya haki, anatoa hadithi ya Er, askari aliyerudi kutoka kwa wafu. Roho zinapewa kura, lakini kura inapanga zamu tu. Maisha yenyewe yametandazwa chini, mengi kuliko idadi ya roho, na kila moja inachagua. Msemaji wa miungu anatangaza kwamba lawama ni ya mchaguaji. Roho iliyopata zamu ya kwanza, yaani iliyobahatika kuliko zote, inarukia maisha ya mtawala wa mabavu aliye mkuu kuliko wote, kisha inagundua kwamba ndani yake imo fungu la kuwala watoto wake mwenyewe. Inalia na kuilaumu bahati, miungu, kila kitu isipokuwa nafsi yake. Mtu huyu hakuwa mwovu. Aliishi katika mji wenye utaratibu mzuri na akawa mwema kwa mazoea tu, bila kujua wema ni nini. Odysseus akapata zamu ya mwisho, akatafuta kwa muda mrefu hadi akayakuta maisha ya raia mtulivu yakiwa yamepuuzwa pembeni, akasema kuwa angeyachukua hayohayo hata kama angekuwa wa kwanza. Hakuna maandishi ya kale yanayoitenga bahati na chaguo kwa ustadi kuliko haya.

Aristotle aliipunguza hadithi na kuongeza uchambuzi. Nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba hatendi kwa hiari kamili wala kwa kulazimishwa kabisa, na Aristotle anamchunguza bila haraka. Mlevi aliyekosa kwa kutojua hasameheki, kwa kuwa kulewa kulikuwa mikononi mwake. Anakumbusha kuwa zipo sheria zinazompa mlevi adhabu maradufu. Tabia nayo hujengwa na matendo yanayorudiwa, kwa hiyo asiyeweza tena kujizuia alikuwa na wakati ambapo aliweza. Kuhusu yajayo, alikataa kwamba vita vya majini vya kesho ni vya lazima eti kwa sababu tu ama vitakuwa ama havitakuwa. Lakini mtu huyuhuyu alikataa pia kumdanganya msomaji kwamba mwema hapatikani na baya. Priam wa Troy, aliyewapoteza wanawe na mji wake uzeeni, hawezi kuitwa mwenye heri; heri inahitaji afya, marafiki, watoto, kiasi cha mali, na vyote hivyo bahati inaweza kuvichukua. Bahati haiwezi jambo moja: kumfanya mtu mwema atende la kuchukiza. Wanaonukuu nusu ya kwanza na kuiacha ya pili ndio wanaowapa Wagiriki sura ya kukata tamaa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa upande wa pili unatoka karne zilizofuata ushindi wa Alexander, na haifai kuukwepa. Miji ilianza kumwabudu Tyche, mungu wa kike wa bahati. Muda mfupi baada ya Antiokia kujengwa mwaka 300 KK, Eutychides aliichongea sanamu yake iliyojaa fahari, Tyche ameketi juu ya mwamba akiwa na taji la kuta za mji, na mto Orontes ukiwa miguuni pake. Demetrius wa Phalerum aliandika kitabu juu ya bahati akishangaa jinsi Uajemi ilivyofutwa katika miaka 50 na Makedonia isiyojulikana ikatawala, akaonya kwamba Makedonia nayo imeazimwa tu ukuu huo. Mwaka 168 KK Makedonia ikaanguka mbele ya Roma huko Pydna, na mwanahistoria Polybius akayanukuu maneno hayo kwa heshima kubwa. Basi hapa inaonekana kwamba bahati imeshinda.

Haikushinda, na shahidi ni Polybius huyohuyo. Anasema mambo ambayo chanzo chake hakionekani, kama ukame unaodumu au barafu inayoharibu mazao, yaruhusiwe kuhesabiwa kuwa ya bahati au ya miungu. Kisha anataja jambo lililoikumba Ugiriki ya siku zake: miji kuwa mitupu, watu kupungua, ardhi kubaki bila mazao, ingawa hapakuwa na vita vya kudumu wala tauni. Je, watu waende kuuliza kwa waaguzi? Anaona ni upuuzi. Watu wameelekea anasa na mali, hawataki kuoa, na wakioa hawataki kulea zaidi ya mtoto mmoja au wawili ili wawaachie utajiri. Chanzo kinaonekana na dawa iko mikononi mwao. Polybius alilijua tatizo la bahati kuliko mtu yeyote wa zama zake, na kwa sababu hiyo aliilinda mipaka yake.

Wanabaki Wastoiko, ambao kweli waliamini kwamba kila jambo limefungamanishwa na majaaliwa. Kama kauli ya ukibaraka ingekuwa na makao ya kweli popote, yangekuwa kwao. Lakini inasimuliwa kwamba Zeno, mwanzilishi wao, alipomchapa mtumwa aliyeiba, mtumwa akajitetea kwamba alikuwa amepangiwa kuiba. Zeno akamjibu kwamba alikuwa amepangiwa kuchapwa pia. Chrysippus, aliyeipa shule hiyo hoja zake imara, alikabiliana na "hoja ya mvivu": kama mgonjwa amepangiwa kupona, atapona amwite mganga asimwite. Jibu lake ni kwamba kupona na kumwita mganga vimepangwa pamoja. Haiwezekani kusema Laius amepangiwa kumzaa Edipode alale na mwanamke asilale. Akaongeza mfano wa mche duara na pia: vikisukumwa mteremkoni, msukumo unatoka nje, lakini mmoja unabingirika na nyingine inazunguka kwa sababu ya umbo la kila kimoja. Wengi hawakuridhika. Mwanafalsafa Carneades, aliyefika Roma kama balozi mwaka 155 KK, aliushambulia mfumo wote huo. Epicurus, kabla yake, alisema ni afadhali kuamini hadithi za miungu, inayoweza kuombwa, kuliko kuwa mtumwa wa majaaliwa ya wanafizikia. Aliyesoma mabishano hayo anaona jambo moja bayana: hata mtetezi mkubwa wa majaaliwa alijua kwamba asipookoa wajibu wa mtu, hatasikilizwa na Mgiriki yeyote.

Kuna mahali ambapo Wagiriki waliyaachia majaaliwa kazi isiyo yake, napo ni sokoni na majumbani, katika utumwa. Mateka wa vita aliuzwa, na wengi waliliita hilo bahati mbaya, jambo linaloweza kumpata yeyote, malkia Hecuba wa Troy pia. Wakamhurumia jukwaani, kisha wakarudi nyumbani wakahudumiwa na watumwa. Bahati hapo ilificha kwamba kuna mtu anayemshika mwenzake na kuna sheria inayomruhusu. Aristotle, aliyekuwa makini hivyo juu ya hiari, alijaribu kuligeuza jambo hilo kuwa maumbile, akidai kwamba wapo waliozaliwa kuwa watumwa. Huo ni udhaifu mkubwa katika fikra zake, na anayetaka kuwashitaki Wagiriki kwa kuyategemea majaaliwa angeanzia hapo badala ya kumsumbua Edipode. Lakini hata hapo angewakuta Wagiriki wengine wamemtangulia. Aristotle mwenyewe anakiri kwamba wapo waliosema utumwa ni wa sheria tu, umesimama juu ya nguvu, kwa hiyo si haki. Alcidamas, mwanafunzi wa Gorgias, aliandika hotuba ya kuwatetea Wamessenia waliokuwa wamekombolewa kutoka Sparta mwaka 369 KK baada ya vizazi vingi vya kulimishwa kwa nguvu. Alisema mungu amewaacha watu wote huru na maumbile hayakumfanya yeyote kuwa mtumwa. Kwa hiyo hali ya Wamessenia ilikuwa kazi ya Wasparta, na Wasparta hawakuwa na haki ya kudai warudishiwe watu hao.